Kumuaga Baba Yangu, Adui wa Sungura

Wazee wa watu wa asili wa ardhi hii tunayoikanyaga, heshima yenu kwanza. Mheshimiwa Diwani, Mwalimu Mkuu wetu Bibi Pascoe, walimu na wafanyakazi wa shamba la shule, wazazi wenzangu, nanyi watoto, ambao midomo imewajaa chokoleti hata hamwezi kunizomea: habari za mchana!

Mimi ni Narelle, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na kwa bahati mbaya au nzuri ni binti wa mtu tunayemuaga. Mwalimu Mkuu aliniomba niseme maneno machache ya heshima juu ya Bwana Neville Haddrill, msimamizi wa shamba letu, anayestaafu leo. Nikamjibu kwamba ya heshima ni machache kweli, hayo mengine nitayasema hivyo hivyo.

Kuna ambaye bado hajamwona? Ni yule pale mstari wa mbele, mwenye manyoya ya kijivu mwili mzima, kichwa cha sungura kakipakata magotini. Ndiyo, Mheshimiwa, huyo huyo. Usicheke kwanza, ngoja upate sababu.

Ndugu wageni waalikwa, kabla ya shamba hili Baba alikuwa mlinzi wa uzio wa sungura, ule uzio mrefu wa mpakani unaowazuia wasiingie kwetu. Sisi wa jimbo hili la Queensland hatufugi sungura. Sheria imekataza, na kila mwenye malisho anajua kwa nini: wakiingia wachache leo, kesho ng'ombe wako wanalamba vumbi. Ndiyo maana miaka yote ambayo Baba ameongoza msako wa mayai ya Pasaka hapa, yale ya chokoleti yanayofichwa watoto wayatafute, mayai hayakuletwa na sungura kama kwingine bali na bilbi, yule mnyama wetu wa jangwani mwenye masikio marefu. Mzazi akija na sungura wa chokoleti, Baba humsimamisha getini: "Huyo umemtoa wapi? Haya, mle hapo hapo, nikuone." Mwalimu Mkuu, wewe mwenyewe ulimla mzima mzima, masikio na yote. Usikatae, tulikuwepo.

Sasa niseme la ndani. Nilipokuwa na miaka tisa, nilikuwa na sungura. Rafiki yangu wa shule alimtoa jimbo jirani, ng'ambo ya mpaka, ambako kufuga sungura ni ruhusa, nami nikamficha ndani ya mashine mbovu ya kufulia, nyuma ya banda letu. Nilimwita Askofu, kwa kuwa alikuwa mnene na hakupenda kuharakishwa. Mtoto wa mlinzi wa uzio anafugaje sungura? Kwa siri, na kwa karoti nyingi. Lakini siku za mwizi ni arubaini. Baba alipomgundua hakupiga kelele. Alitoka nje, akavaa kofia yake ya kazi, akaja kubisha hodi kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Bi Haddrill," akaniambia, "nimepata taarifa una sungura humu."

"Baba, ni mimi!"

"Najua ni wewe. Mlete."

Akampakia kwenye gari la kazi. Jioni akarudi peke yake. Nilipomuuliza, alisema tu, "Ameshaondoka. Kula chakula chako." Nililia hadi nikachoka, na tangu siku ile kukawa na kitu kati yetu. Tulicheka, tulisaidiana, nikamzalia mjukuu. Lakini kila Pasaka nilimtazama mtu huyu nimpendaye nikajiuliza: hivi alimuua? Sikuthubutu kuuliza, naye hakusema. Kwetu watu hawasemi mambo kama hayo. Tunapigana mabega na kuzungumzia mvua.

Basi juzi kamati tulifungua stoo kutoa vazi la bilbi analolivaa Baba kila Pasaka, tukakuta panya wamelifanya kitanda cha uzazi. Masikio hakuna, mkia hakuna, vitoto vya panya tele! Na shule nzima inakuja Jumamosi. Baba akakuna kidevu, akasema taratibu, "Kuna mama mmoja ng'ambo ya mpaka, Doreen Kettlewell. Ana vazi. Ila ni la sungura."

Tulidhani jua limempiga.

"Nenda wewe, Narelle," akasema. "Wewe mwenyewe."

Nikaenda na binti yangu Marnie. Bibi Doreen ni mzee wa miaka themanini na ushee. Alifungua mlango, akasikia jina langu, akapiga makofi: "Kumbe ndiye wewe mwenye Askofu!"

"Askofu umemjulia wapi?" nikamuuliza.

"Baba yako alimleta hapa na gari la serikali," akaniambia huku anacheka. "Kofia kichwani, machozi mashavuni. Ananiambia, mama, geti la uzio nimemfungulia mimi mwenyewe, ukimwambia mtu sina kazi tena. Huyo Askofu wako alinimalizia bustani yote! Alikufa kwa uzee, mwanangu. Kwa uzee na unene."

Mheshimiwa Diwani, hilo la gari jifanye hukulisikia.

Nilirudi nalia njia nzima, Marnie akinipapasa mkono: "Mama, unalia nini? Si tumepata vazi?" Leo asubuhi nikamkuta Baba kwenye banda la ndama, anaficha mayai. Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Hakunitazama. Aliendelea kusukumia yai chini ya nyasi kavu.

"Ungeniomba nikupeleke kila Jumamosi," akasema. "Nami ningekupeleka."

Kisha akalichukua vazi mikononi mwangu, akalivaa juu ya mabuti yake ya matope. Yaliyofuata mmeyaona wenyewe. Mbwa wake Skruu, aliyemfundisha kwa mikono yake kuwinda sungura, alimkimbiza kuzunguka zizi la mbuzi hadi Baba akapanda juu ya marobota ya nyasi. "Skruu, we mpumbavu, ni mimi!" Skruu alijua fika kuwa ni yeye, ila kazi ni kazi. Watoto wakawa wanapiga kelele, "Kimbia, Babu, kimbia!" na Marnie, mwenye sauti kuliko wote, "Babu, umeangusha mkia!" Mayai yakasahaulika, mbuzi wakala vikapu viwili, na sijawahi kuona Pasaka tamu namna hii.

Baba, shule inakushukuru kwa ng'ombe uliowazalisha, na kwa watoto wa mjini waliofika hapa wakiogopa kuku na wakaondoka wanajua kukamua. Mimi nina langu. Miaka yote nilidhani baba yangu ana moyo mgumu, kumbe alikuwa anauficha kuliko nilivyomficha sungura. Nakupenda, Baba. Nalisema mbele za watu ili usipate nafasi ya kunijibu habari za mvua.

Wageni waalikwa, soseji zinaungua, na Mheshimiwa kashika mkate mtupu muda mrefu. Nawashukuru nyote kwa utulivu wenu na kwa kunisikiliza. Sasa nipisheni, nikamkumbatie sungura wangu.