Mtama Mchanga Niliowapa Ng'ombe wa Serikali

Wazee wa kanisa, kina mama, na ninyi vijana mliobanana pale mlangoni kama mbuzi wanaokimbia mvua, nashukuru kupewa nafasi ya kushuhudia. Mchungaji ameniambia niseme kwa ufupi. Mnaonifahamu mnajua ameomba muujiza.

Nilikuwa mlishaji katika shamba la serikali la utafiti wa maziwa, hapa nje ya mji. Wazungu walitaka kujua ng'ombe ale nini ili atoe maziwa mengi katika nchi kavu kama yetu. Ng'ombe wenyewe walikuwa chotara, nusu wa kwetu, nusu wa Ulaya, na ndugu zangu, nawaambia, mmoja wao akiinamia maji, kisima kilitamani likizo. Viwele vyao vilichora barabara kila walipopita. Kila ng'ombe alikuwa na chakula chake kilichopimwa kwenye mizani: pumba, mashudu ya karanga, chumvi, majani. Ukimzidishia mmoja kiganja tu, utafiti umeharibika.

Aliyeniingiza kazini ni kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama yetu. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenilea. Alikuwa akitazama kinyesi cha ng'ombe anakwambia amekula nini, amelala wapi, na kama amegombana na jirani yake. Ila kusoma hakujua. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya usiku, na Kiingereza changu kilikuwa kinawatoa jasho Waingereza wenyewe. Nafasi ya nyapara wa malisho ilipopatikana nikapewa mimi, kwa kuwa nyapara alipaswa kusoma karatasi ya chakula kila asubuhi. Kaka alifurahi kuliko mimi. Alichinja jogoo.

Nami nikamlipa nini? Nilimwambia kazini hakuna kaka. Nikaacha kumwamkia. Mtu aliyenibeba mgongoni nikawa namwita kwa jina mbele ya wafanyakazi, na nikataka aniite Bwana Nyapara. Akaniita hivyo, bila kununa.

Mwaka mmoja mvua zilianza, zikakatika. Shamba la mtama uliokwisha kuvunwa likachipua kwa yale manyunyu, halafu jua likayanyausha machipukizi. Majani makavu ghalani yalikuwa yanaelekea kwisha. Bwana Mkubwa, yule Mzungu mkuu wa shamba, alikuwa amepanda treni kwenda Tura kwa kazi ya siku nne. Asubuhi nikasoma karatasi: kundi la pili, ng'ombe kumi na wawili, wapewe majani mabichi. Na majani mabichi hayakuwepo popote ila pale kwenye mtama. Nikaamuru ukatwe.

Kaka alishika mundu, lakini hakukata. Alinivuta pembeni, asinifedheheshe.

"Mdogo wangu, mtama mchanga ulionyauka unaua. Ng'ombe wawili wa baba walikufa hivyo, wewe ulikuwa bado unanyonya."

Kama ningemjibu palepale pembeni, huenda nisingesimama hapa leo. Lakini wenzetu walikuwa wanatuangalia, nami nilikuwa Bwana Nyapara. Nikapaza sauti wote wasikie.

"Hapa ni shamba la utafiti, si zizi la baba yako. Kata."

Baba yako, nilisema. Kana kwamba mimi nilizaliwa na karatasi.

Akakata.

Kabla mtu hajamaliza sigara moja, ng'ombe wa kwanza alianza kuhema, akatetemeka, akaanguka kando ya hori. Wa pili akamfuata. Mimi nilisimama na karatasi yangu mkononi. Kaka ndiye aliyekimbia hori hadi hori, akiyachomoa majani midomoni mwao kwa vidole, vidole vinatoka damu. Walikufa saba. Mnajua napenda kuongeza chumvi, lakini hapa siongezi hata ng'ombe mmoja.

Bwana Mkubwa aliporudi alitupanga mstari. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chai tu, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Akauliza nani aliyekata mtama. Hakuuliza nani aliyeamuru. Nikalitafsiri swali. Kaka akanitazama. Aliningoja, ndugu zangu. Alinipa muda wa kutosha kusema neno moja, kisha akaona halitoki.

"Nimekata mimi," akasema.

Nikatafsiri. Kwa Kiingereza safi, neno kwa neno, bila kuongeza langu.

Alifukuzwa siku ileile. Alifunga mkeka wake akashika ile njia ya zamani ya misafara, kwa miguu, kurudi nyumbani upande wa Goweko.

Sasa, mnajua desturi yetu. Mwenye ng'ombe wengi hawarundiki wote katika zizi lake. Huwaweka wengine kwa mtu anayemwamini, naye mtunzaji hupata maziwa, hupata mbolea, na zaidi ya yote hupata heshima. Kaka alikuwa amepewa imani hiyo na wazee watatu. Ng'ombe kumi na mmoja walilala zizini kwake, shemeji akiwaangalia yeye alipokuwa kazini. Habari ilifika kabla yake: anakuja yule aliyewaua ng'ombe wa serikali. Wale wazee walikuja mmoja mmoja, kwa adabu, kila mtu na kisingizio chake, wakaswaga ng'ombe wao wakaondoka. Shemeji aliniambia baadaye kwamba mumewe aliendelea kufagia zizi tupu kila asubuhi.

Mimi huku nilibaki nyapara. Nikaanza kunywa pombe. Kwanza nilikunywa kama watu, halafu nikanywa kama wale ng'ombe chotara. Maziwa yalinishinda hata kunusa.

Ikaja salamu kutoka kwa shemeji: kaka yako kifua kimembana, hainuki. Nikapanda treni. Nilimkuta amelala, amebaki macho tu. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Nikaanza kulia na kuungama, tangu karatasi mpaka ukalimani. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Mimi nilikuwepo, unanisimulia nini? Waambie wenye ng'ombe."

Nikaenda siku ileile. Mzee wa kwanza kati ya wale watatu alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. Alisema namfichia ndugu yangu aibu, na kwamba tangu utotoni mimi ni mtu wa maneno mengi. Wa pili alicheka. Wa tatu hakunifungulia. Maisha yangu yote nimechekesha watu kwa kukuza mambo, na siku niliyosema kweli tupu, hakuna aliyeipokea.

Nikarudi shambani nikamwambia Bwana Mkubwa kila kitu. Alinirudisha nianze upya mara mbili, mpaka nikadhani Kiingereza changu kimeharibika. Kisha akanivua unyapara, akanipa koleo la kuzoa samadi, akamwamuru karani aandike barua ya Kiswahili yenye mhuri kwamba kosa lilikuwa langu, si la kaka.

Nilipofika nayo, kaka alikuwa amezikwa jana yake.

Barua ilisomwa matangani. Aliisoma mwalimu wa shule ya kijiji, maana hakuna aliyekuwa tayari kunisikiliza nikisoma mimi. Yule mzee wa kwanza aliinuka akaondoka bila kuaga. Alirudi jua linaelekea kuzama, anaswaga ng'ombe jike na ndama wake. Akawaingiza zizini.

"Huyu ni wa hapa, mama," alimwambia shemeji. "Nimechelewa."

Shemeji alimtazama, akanitazama na mimi.

"Mmechelewa wote wawili," akasema, akafunga zizi.

Wapendwa, pombe nimeiacha. Namshukuru Mungu, na mwalimu aliyenikopesha sauti yake, na yule mzee, na Bwana Mkubwa aliyeniachia koleo badala ya kunifukuza. Namshukuru shemeji, ambaye hadi leo nikienda ananipa chakula, ingawa mazungumzo hanipi. Na kama mtu amekulea, halafu siku moja umewekwa juu yake, akikuvuta pembeni, nenda pembeni. Umsikilize hukohuko.

Katika ushuhuda hapa hatutaji majina, nami sitalitaja lake, japo ndilo jina pekee ambalo ningependa lisikike leo. Wengi mnalijua. Sokoni bado wapo wanaosema kwamba mtu yule aliwaua ng'ombe wa serikali. Ukimsikia mmoja, usibishane naye. Mlete kwangu. Kila asubuhi nipo bandani nazoa samadi, nitamwambia mwenyewe kwamba kaka yangu alikataza, na mimi ndiye niliyesema kata.