Nyar Sori na Mashine Iliyokata Tamaa

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, kabla jua halijatua, Bi. Eucabeth Awino Obare, Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta katika Hospitali ya Ziwa Tulivu, atastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Maneno "kabla jua halijatua" hayakuwekwa hapa kwa urembo. Ni sharti lake mwenyewe. Bi. Eucabeth ni Msabato wa kweli kweli, Sabato yake huanza Ijumaa jua likitua, na sherehe ikipitiliza, atainuka katikati ya hotuba ya mkurugenzi, achukue mkoba wake, aende zake nyumbani Kendu Bay. Mkurugenzi ameshaambiwa afupishe.

Alizaliwa Sori, binti wa fundi baiskeli, na huko walimwita Awino. Alijiunga na tawi letu la Migori mwaka 1991 akiwa mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ikiwa ndani ya katoni, wakubwa waliizunguka kwa heshima, wakasema isiguswe mpaka mtaalamu atoke Nairobi. Yeye aliuliza mtaalamu huyo anakula nini ambacho sisi hatuli, akaenda jikoni akachukua kisu, akafungua katoni. Mtaalamu alipofika alikuta barua zimeshachapwa. Baadaye alisomea stashahada ya kompyuta Kisumu, akitumia likizo zake zote, akahamishiwa makao makuu hapa Homa Bay na kupewa kitengo.

Ni mtu wa kujisifu, na hatutamsingizia unyenyekevu siku yake ya mwisho. Aliipa kila mashine jina. Printa ya mapokezi aliiita Shemeji, kwa sababu inakula karatasi na haishibi, na ukiiuliza kitu inanuna. Kuna daktari mmoja, hatumtaji, aliyempigia simu kutoka Migori akilia kwamba kompyuta yake imekufa. Bi. Eucabeth alisafiri mpaka huko, akawasha swichi ya ukutani, kisha akamtoza faini: kumbebea mkoba wake wodi zote, huku yeye akitangulia na kusalimia wagonjwa. Tangu siku hiyo watu wa Migori hukagua swichi kwanza.

Lakini atakumbukwa zaidi kwa kisa cha mwezi wa tatu mwaka huu, na mimi Byron, msaidizi wake, nilikuwemo ndani mpaka shingoni. Kwa hiyo nipeni nafasi.

Faili za wagonjwa wetu zinakaa kwenye mashine ya Linux isiyo na mwili. Usishtuke. Ni kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta kubwa zaidi, kama mpangaji ndani ya nyumba ya watu. Kwa miaka mingi mpangaji huyu aliishi kwenye nyumba ya Migori, na nyumba yenyewe ilikuwa imechoka, inakohoa, inapiga kelele kama posho mill ya kusaga mahindi. Tukaamua kumhamishia nyumba mpya hapa Homa Bay, ya aina nyingine kabisa. Ijumaa moja ya mwezi huo tulimnakili salama salimini. Nyumba ya Migori ikazimwa, na ilipojaribiwa tena kuwashwa ilitoa harufu ya kuungua, ikanyamaza moja kwa moja. Hakukuwa tena na pa kurudi.

Hapo tukamwasha mpangaji katika nyumba mpya. Alifungua jicho moja, akaandika mistari kadhaa, akasimama. Kwenye kioo akaandika kwa Kiingereza chake kwamba amengoja diski yake ijitokeze, amengoja weee, na sasa amekata tamaa. Haki ya Mungu, mashine ilituandikia kwamba imekata tamaa. Nilimtazama Bi. Eucabeth. Yeye alitazama kioo, akatazama dirisha, akaona jua limeshuka upande wa ziwa. Akafunga zipu ya mkoba.

Nilimsihi. Nilimkumbusha kwamba wauguzi Wasabato hufanya kazi hata Sabato, na mchungaji wao anawaombea. Alinijibu kwamba mgonjwa huvuja damu na kompyuta haivuji, akanitakia Sabato njema, akapanda gari la Kendu Bay. Nilikasirika, acha niseme wazi. Nilikasirika mpaka nikaikemea Shemeji bila kosa.

Hasira yangu ilikuwa na sababu. Kila Jumamosi alasiri Daktari Sheila Kemuma ana kliniki ya watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa maana Jumamosi ndiyo siku hawaendi shule. Jumamosi ile asubuhi Mama Nyangi alikuwa ameshafika kutoka karibu na Isebania akiwa na binti yake Boke, ambaye wiki iliyotangulia alikuwa amelazwa kwa maumivu ya mifupa. Alipimwa damu, na majibu yaliyokuwa yaamue dozi mpya yalikuwa ndani ya ile mashine. Daktari Sheila alisema hawezi kubahatisha dozi ya mtoto, na dozi ya zamani ndiyo iliyomlaza. Majibu yasipopatikana, itabidi atolewe damu upya na kungoja mpaka katikati ya wiki, na mtoto alikuwa ameanza tena kushika goti. Mama Nyangi alikuja hadi mlangoni kwangu, akaniita daktari wa kompyuta, akauliza kama imeamka. Nilimwambia bado kidogo. Nilidanganya. Nilikuwa nimejaribu kila ninachokijua, na mashine ilikuwa inakata tamaa upya kila nikiiwasha.

Nikachukua bodaboda mpaka Kendu Bay.

Mimi ni Mkatoliki, na sikujua kwamba kabla ya ibada kuu Wasabato hukaa madarasani. Nilimkuta Bi. Eucabeth amesimama nje ya kanisa mbele ya darasa lake lililoketi kwenye viti vya plastiki, anafundisha habari za Nehemia na ujenzi wa ukuta wa Yerusalemu. Aliniona kwa mbali, na vumbi langu, na macho yangu mekundu. Hakuja. Alinyoosha kidole kwenye kiti kilicho wazi. Nilipofungua mdomo tu, nikasema "Madam, ile mashine," aliinua Biblia kunizuia, akasema mbele ya watu wote kwamba siku ya Bwana mambo ya ofisi hayazungumzwi. Nikakaa. Watu wakanionea huruma, mama mmoja akanipa kitabu cha nyimbo.

Kisha Bi. Eucabeth akaliacha jambo la Nehemia hapo hapo lilipokuwa, akaanza hadithi ya kaka yake.

Alisema alipoolewa Kendu Bay, kaka yake Omondi alitoka Sori kuja kumtembelea, amebeba jogoo. Kila aliyekutana naye alimuuliza kwa Awino ni wapi. Watu wakamwambia Awino wa kutoka kwenu hatumjui. Na ni kweli hawakumjua, kwa sababu hapa Kendu Bay tangu siku ya kwanza alikuwa Nyar Sori, binti wa Sori, basi. Mtu ni yule yule, nyumba mpya, jina jipya. Omondi alikaa stendi na jogoo wake, akangoja, akangoja, akakata tamaa, akarudi Sori kutangaza kwamba dada yao amepotea.

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka. Nilidhani mama huyu ananifanyia mzaha wakati mtoto wa watu anaumwa. Nikaanza kuinuka.

Akaanza hadithi upya. Kutoka mwanzo! Mara hii polepole, na kila akifika kwenye "jina jipya" ananikazia macho kama ninadaiwa jibu. Mzee Mokua, mfanyabiashara wa mabati na mtu wa kupenda utaratibu, akanyoosha mkono kuuliza kaka huyu anaingia wapi kwenye ukuta wa Nehemia. Bi. Eucabeth akamwambia avute subira, ukuta wenyewe haukujengwa kwa siku moja. Akaendelea. Safari ya pili, alisema, Omondi alikuwa na akili. Hakuuliza jina. Alikwenda kwa naibu wa chifu na namba ya kitambulisho cha dada yake, kwa sababu ukihama majina yanabadilika lakini namba ya kitambulisho ni ile ile mpaka kaburini. Alipotamka "namba" alipiga Biblia kwa kiganja, mtoto mchanga wa nyuma akaamka. Basi Omondi alifikishwa hadi mlangoni.

Halafu akaongeza kipande ambacho mimi nilikiona ni cha bure. Kwamba hata baada ya kufika, Omondi hakuweza kuwapigia simu watu wa nyumbani, kwa sababu simu yake ilikuwa na laini ya Tanzania, ile inayoshika vizuri kule Sori, na hapa Kendu Bay haikushika kitu. Mama yao akalia kwamba sasa wamepotea wawili. Mpaka alipobadilisha laini ndipo Sori wakajua wote wazima. Kisha Bi. Eucabeth akafungua Biblia, akarudi kwa Nehemia, akanipa mgongo.

Niliondoka nimevunjika moyo. Tulikuwa tunapita Simbi ndipo jambo likanigonga. Nilipiga ukelele, dereva wa boda akafunga breki akidhani nyoka, nusura sote tuingie mtaroni. Jina! Kule Migori diski ya mashine yetu iliitwa kwa jina moja, na katika nyumba mpya diski ile ile inaitwa jina jingine. Mashine ilikuwa inaamka, inaulizia diski yake kwa jina la Migori, inaambiwa huyo hatumjui, inangoja stendi na jogoo wake mpaka inakata tamaa. Na kila diski ina namba yake ndefu isiyobadilika hata ihamie wapi. Nilimwambia dereva akaze mwendo.

Niliingia kwa diski ya uokoaji, ile ya kufungulia mashine iliyogoma kuwaka, nikafuta jina la zamani kila mahali lilipoandikwa, nikaweka ile namba. Nikawasha. Mashine ikapita pale ilipokuwa ikikatia tamaa, ikapita tena, ikaniomba neno la siri. Niliruka nikampigia Daktari Sheila kwamba tayari. Akaniambia tayari gani, kwake hakuna kitu. Nikaenda mapokezi, hakuna. Maabara, hakuna. Mashine ilikuwa hai, imekaa pale, na hospitali nzima haiwezi kuifikia. Mama Nyangi alikuwa kwenye benchi, Boke amelala mapajani mwake, ameacha hata kulia.

Hapo ndipo nilipokumbuka kipande cha bure. Laini ya Tanzania! Kadi ya mtandao nayo ilikuwa imepewa jina jipya katika nyumba mpya, na mashine ilikuwa bado inajaribu kupiga simu kwa laini ya zamani. Nikabadilisha mstari mmoja tu. Kwa Daktari Sheila faili zikafunguka zote, na ya kwanza aliyoitafuta ilikuwa ya Boke. Majibu yalikuwemo. Dozi ikarekebishwa, akapewa na dawa ya maumivu, na kabla kliniki haijafungwa mtoto alikuwa anaomba mandazi. Mama Nyangi alinishika mkono akanishukuru sana, nami nikamwambia kwamba wa kushukuriwa yuko kanisani na haruhusiwi kujua.

Jua lilipotua na Sabato kwisha, simu yangu ililia. Hakusalimia. Aliuliza kama Omondi amefika. Nikamwambia amefika, na laini amebadilisha. Nilimsikia anashusha pumzi ndefu, na mimi nikajua kwamba siku nzima alikuwa amewabeba watoto wa kliniki moyoni. Alikiri kwamba wazo lilimjia Ijumaa ile akiwa amekwisha kufika nyumbani, jua limezama, wakiimba wimbo wa pili, na tangu hapo hakula vizuri. Kisha akarudi kuwa yeye, akaniuliza kwa nini nilihitaji kuambiwa mara mbili.

Wengine hapa hospitalini wanashikilia kwamba siku ile alifanya kazi Sabato. Mwenyewe anasema alikuwa akifundisha Nehemia. Mzee Mokua, nasikia, bado anangoja kuelezwa habari za ukuta.

Bi. Eucabeth, umetufundisha kufungua katoni bila kungoja mtu, kukagua swichi kabla ya kulia, na kutoogopa mashine hata inapotuandikia kwamba imekata tamaa. Umetufokea sana, na hakuna aliyefokewa bure. Mimi binafsi nitakukosa kuliko nitakavyoweza kusema Ijumaa mbele ya watu, kwa hiyo nimesema hapa. Mashine mpya tumeipa jina la Nyar Sori. Ikianguka siku ya juma, tutapiga simu. Ikianguka Jumamosi, tutakuja darasani na Biblia zetu, tukae kwenye viti vya plastiki, tusikilize. Asante kwa yote. Pumzika vizuri Kendu Bay, ule ushibe, na Mungu akuzidishie miaka ya kutusimulia.

Mwisho, tangazo kwa askari wa lango kuu. Siku ya sherehe atafika mzee kutoka Sori, amebeba jogoo, akimuulizia Awino. Tafadhali usimwambie kwamba humjui. Yupo ndani, ndiye huyu huyu. Mfungulie, na umsindikize mpaka kwenye kiti cha mbele.