Mama Letisia na Faida Iliyokuwa Haijaiva

Tarehe 31 Julai mwaka huu, Mama Letisia Mwegoha, Meneja wetu wa Viwango vya Uhasibu, anazima kompyuta yake na kustaafu baada ya miaka kumi na sita ya utumishi Miyombo Programu. Kwa wageni wasioijua kazi hiyo: wahasibu wengine wanaandika kilichoingia na kilichotoka, yeye ndiye aliyeamua kama kilichoingia kimeshakuwa chetu kweli. Na akishaamua, jamani, ndiyo basi tena!

Mzaliwa huyu wa Berega alisoma shule ya misheni, akapata CPA, cheti chake cha uhasibu, Dar es Salaam, kisha akarudi Kilosa wakati ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari. Wenzake wa chuo walimshangaa: kampuni ya programu za kompyuta, Kilosa? Aliwajibu kwamba hata Kilosa kuna umeme. Tulipohamia Mikumi, alihama nasi.

Alikuwa na utaratibu wake. Gharama ya kutengeneza programu mpya haikuandikwa kuwa mali ya kampuni mpaka mtengenezaji akae mbele yake aeleze, kwa Kiswahili cha nyumbani, inafanya nini na nani atainunua. Vijana waliokuja na mbwembwe za mjini walitoka jasho. Mmoja wao, Obed, aliingia na "mambo vipi, Mama", akarudishwa mlangoni, akabisha hodi upya, akaamkia ipasavyo, ndipo akaruhusiwa kukaa. Maelezo yake yalikataliwa mara mbili. Programu yake hiyo leo inauzika kuliko zote tulizonazo.

Sasa tuje kwenye habari yenyewe. Mwaka 2019 vyama vya wakulima wa miwa wa Ruhembe na Ruaha vilinunua programu yetu ya kufuatilia uzito wa miwa na malipo ya wanachama. Mkulima wa miwa ana fedha wakati wa mavuno, basi vyama vikalipia huduma ya miaka mitatu kwa mkupuo. Akaunti ikanona! Godfrey wa mauzo akataka fedha yote ihesabiwe mapato ya mwaka uleule, maana mwekezaji alikuwa njiani, na bila mwekezaji ofisi ya Mikumi ingefungwa, kila mtu arudi kwao. Mkurugenzi wetu, Bwana Damiano Lugendo, akamuunga mkono.

Mama Letisia akagoma. Alisema mahindi ukilipwa yakiwa bado shambani, palizi na kuvuna bado vinakudai. Yakaandikwa mapato ya huduma tuliyokwisha kuitoa tu. Faida ikasinyaa, bonasi ikayeyuka.

Tulinuna, tena sana. Wapo waliompita koridoni kama hawamwoni. Yeye aliendelea kuleta mihogo ya kuchemsha wakati wa chai, nasi, bila hata haya, tuliila huku tumenuna.

Wakaguzi wa mwekezaji wakaja, wamechelewa kwa sababu tembo walikuwa wanavuka barabara na hawakuwa na haraka. Wakapekua hesabu wiki nzima. Kampuni mbili zilizoshindana nasi zilikuwa zimehesabu fedha za miaka ijayo kama za mwaka ule, zikaenguliwa. Hesabu zetu hazikurekebishwa hata tarakimu moja. Mwekezaji akatuchagua sisi! Siku hiyo Mama Letisia, ambaye kucheka kwake ni kwa nadra, alipiga kigelegele mpaka watu wa lodge ya jirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Tangu hapo tumeongeza jengo, tumeajiri vijana wa Mikumi, Kidodi na Kilosa, na hesabu zetu hazijawahi kutiwa shaka. Jackline, anayempokea kijiti, amefundishwa naye mwenyewe. Wiki iliyopita alimkatalia Godfrey jambo bila kupepesa macho. Tuko salama.

Mama, asante kwa kutufundisha kusubiri. Nenda Berega kwa mumeo, Baba Yared, mjenge, mlime, mcheze na wajukuu. Mungu akupe afya na siku nyingi za furaha.

Bwana Damiano ameomba neno la mwisho liwe lake, naye ameliandika hivi: Mama Letisia, ningeshinda ubishi ule, leo nisingekuwa na ofisi ya kukuagia.