Viti vya Ukumbini

Haya alinisimulia wifi yangu, dada yake babu yenu, wakati ule akiuza kahawa nje ya geti la chuo kikuu. Hapo palikuwa na benchi, na benchi lina wenyewe: Redio, anayejua habari kabla hazijatokea, Karani, kastaafu ofisi lakini kalamu haitoki mfukoni, na mdogo wao kwa umri, Seremala, hajaoa bado. Huyo ndiye aliyetengeneza viti mia mbili vya ukumbi wa chuo. Alivikabidhi hapo hapo getini, vikabebwa ndani, na miaka mitatu hajavitia tena machoni. Basi siku hiyo getini kuna tangazo: waandishi wa habari wageni wanakuja kuzungumza ukumbini, watu wote karibuni.

Redio: Hao wameishiwa habari kwao. Wanakuja kuchota zetu.

Karani: Thubutu! Wanakuja kuwasahihisha maprofesa. Atakayeshindwa anarudi darasa la kwanza.

Redio: Si ndiyo maana wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone? Kila mgeni anatembea na daktari wake.

Wifi: Kunywa kahawa, Redio.

Seremala: Mimi nataka kuingia tu, nione watu wanakaaje kwenye viti vyangu.

Karani: Na kandambili hizo?

Seremala: Tangazo linasema wote.

Karani: Wote ni wale wanaojulikana, kijana. Ukiulizwa umefuata nini, utasema nimefuata viti?

Seremala akazungusha kikombe. Hilo ndilo lililomfunga miguu miaka yote hiyo, wajukuu zangu. Atasema kafuata nini?

Redio: Tena ukikaa mbele, kamera zao zinakupiga mpaka mawazo. Kesho ng'ambo wanasoma ulichoota!

Karani: Ndiyo maana mle ndani huzima taa.

Redio: Taa gani? Mle ni mishumaa, wanaogopa mawimbi.

Karani: Taa!

Redio: Mishumaa! Mwenda pole hajikwai, na mshumaa unawaka pole pole!

Mate yanaruka mpaka wifi akafunika vikombe. Mara akatokea dada mmoja, begi begani, viatu vumbi tupu, anahema.

— Shikamooni wazee. Mlango wa ukumbi uko upande gani?

Redio akamtazama Karani. Karani akachomoa kalamu, akairudisha.

Wifi: Jamani, mtoto wa watu kauliza mlango.

Redio: Marahaba, mwanangu. Sisi… mle ndani hatujawahi kuingia.

— Hata mimi, dada akacheka. Mimi ni mmoja wa hao wageni, dereva kanishusha geti silo. Kaka, nisindikize basi tukautafute.

Seremala keshasimama.

Karani: Na kandambili?

Kandambili zilikuwa zimeshavuka geti.

Alirudi jioni anacheka peke yake.

Wifi: Wamesemaje?

— Mengi. Halafu yule dada akauliza nani ana swali. Mkono wangu ukapanda wenyewe.

— Ukauliza nini wewe?

— Nikasema, jamani, hivi viti mnakaa vizuri?

— Wakakucheka.

— Wakacheka sana! Kisha profesa mmoja akasema, kusema kweli mgongo unaniua mwaka wa tatu huu. Na mwingine. Na mwingine. Ukumbi mzima mikono juu! Kumbe dada yangu, vyote nilivipima kwa mgongo wangu mwenyewe.

Mwezi mzima akawa anaingia na kutoka getini, anawakalisha watu, anawapima, anarekebisha. Redio na Karani wakawa wanamfuata nyuma, eti wasaidizi. Kumbe wanaangalia kama ni taa au mishumaa.

Tangu hapo hakugonga msumari kabla ya kumuuliza mwenye kukitumia kitu hicho. Ndivyo alivyofika kwetu. Baba yangu kamwagiza kitanda changu, yeye akanigeukia mimi: wewe hulala ubavu gani? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza; nami nikamkubali awe babu yenu.

Kitanda chenyewe ndicho hiki mlichojazana. Hakijalia hata siku moja. Haya, miguu ndani, laleni.