Kengele ya Pili ya Mwalimu Phineas Garikai Madondo (1964–2018)

Ndugu, majirani, walimu na wanafunzi mliofika hapa Nyamutora leo Alhamisi, tarehe 15 Machi 2018, mimi ni Shuvai, dada mdogo wa marehemu. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitakwenda polepole, tarehe kwa tarehe. Ninaomba mzisikilize vizuri tarehe hizo.

Mwalimu Phineas alizaliwa tarehe 9 Agosti 1964 katika kijiji hiki, wilayani Gutu, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Taruvinga Madondo na marehemu Mama Esnath. Aliyemtangulia ni kaka Zivanai. Mimi ndiye kitinda mimba.

Alianza shule mwaka 1971. Vita vya kupigania uhuru vilipofunga shule mwaka 1977, alipelekwa kuchunga. Alikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza kisicho na jalada, naye alipanda juu ya kichuguu akawahutubia ng'ombe. Mimi nilikuwa mpiga makofi wake, na nisipopiga sikupata matunda pori. Siku moja baba alimfuma, akasimama akamsikiliza hadi mwisho.

“Phineas,” akamwambia, “hawa wakishajua Kiingereza, kesho jembe litavutwa na nani?”

Mwaka 1980 alirudi darasani akiwa na miaka kumi na sita, akakaa dawati moja na watoto wadogo bila haya. Alimaliza sekondari mwaka 1984, na chuo cha ualimu mwaka 1990.

Januari 1991 aliajiriwa katika sekondari yetu hapa, na hakuhama tena. Mwaka 1993 alianza kuwaandaa wanafunzi kwa mashindano ya kuhutubia kwa Kiingereza. Mara kumi na moja walishinda wilayani wakaenda Masvingo kushindana na mkoa mzima, na mara zote kumi na moja walirudi bila kuvuka. Aliwafundishia kwenye mwamba ulio nyuma ya nyumba yake, kule upepo unakopiga, ili atakayesikika pale asikike popote. Kila mmoja alishika kokoto mkononi ili mikono itulie. Mwalimu mwenyewe alikaa na kengele ya shaba. Kengele ya kwanza humwonya msemaji kwamba amebakiwa na dakika moja. Ya pili humkalisha.

Jana mchana Bwana Nhengure, rafiki wa ukoo wetu, ambaye kwa desturi ndiye mwenye ruhusa ya kutuchekesha msibani, alivaa koti la marehemu akasimama uani, akamwigiza akifundisha.

“Wewe! Hiyo mikono inafukuza nzi gani? Waamuzi hawawezi kula maneno uliyokwisha kuyatafuna! Anza upya!”

Hata mjane alicheka. Ambaye hakucheka ni binti yangu Ratidzo.

Ndoa ya Mwalimu pia ililetwa na kengele. Katika mashindano ya wilaya ya mwaka 1993, mwalimu mmoja kijana, Mavis, alikuwa mtunza saa. Alimpigia kengele ya pili mwanafunzi wa Phineas, na Phineas akaenda kubishana naye. Mavis akaipiga tena, usoni pake. “Na wewe muda wako umekwisha. Kaa chini!” Akakaa. Walifunga ndoa tarehe 3 Desemba 1994, wakajaliwa watoto wawili, Tinevimbo na Kundai.

Sasa ninafika kwenye ugonjwa. Tarehe 12 Januari mwaka huu Mwalimu alikwenda hospitali ya misheni. Daktari alimwambia kuwa moyo umepanuka, na kwamba asihesabu miaka. Mwalimu alimwambia mkewe peke yake, akamwapisha asiseme. Sisi wengine tuliona dalili tu. Mwamba aliozoea kuupanda akiimba, sasa alipumzika mara mbili kabla ya kufika juu. Alivaa viatu bila kufunga kamba. Alianza kugawa vitabu vyake, kimoja leo, kimoja kesho, na aliyeuliza aliambiwa kwamba rafu imechoka. Niliyaona hayo yote. Sikuuliza, na sababu ya kutouliza ni kwamba niliogopa jibu.

Jumanne tarehe 13 Februari, baada ya masomo, niliwapelekea wanafunzi njugu mawe za kuchemsha pale mwambani. Mwalimu alikuwa ameleta zoezi jipya. Ndani ya kofia yake ya kahawia alitia karatasi zilizokunjwa, kila moja ikiwa na jina la mtu aliye hai. Mwanafunzi angechukua moja, afikiri dakika mbili, kisha atoe hotuba ya kumuaga mtu huyo kama vile anazikwa. Wa kwanza kuitwa alikuwa Ratidzo. Kiingereza changu ni kidogo, lakini neno la kaburi ninalijua, na nilisikia jina la kaka yangu likitajwa karibu nalo.

“Kaka, huyu mtoto anasema nini?”

“Ananizika, Mama Ratidzo.” Alikuwa akicheka. “Tena ananizika vibaya. Anaangalia viatu.”

“Phineas, hayo hayachezewi.”

“Mpwa wangu asiponitania mimi, atamtania nani? Ratidzo, inua uso! Anayeweza kusema kaburini bila kulia, hakuna mwamuzi wa kumtisha.”

Mvua ikaanza, wengine hawakupata zamu. Nilirudi nyumbani na njugu zangu nusu.

Wiki nne baadaye, Jumanne tarehe 13 Machi, Ratidzo alikuwa juu ya mwamba akijiandaa kwa mashindano ya mkoa yatakayofanyika Masvingo Jumamosi hii. Mwalimu alipiga kengele ya kwanza, akainama kana kwamba ameangusha kitu. Ratidzo aliendelea kuhutubia, maana alifundishwa asinyamaze kabla ya kengele ya pili. Kengele hiyo haikulia. Mwalimu alifariki njiani kwenda hospitali, saa kumi alasiri, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Tangu saa hiyo binti yangu hajasema neno.

Jana maneno yalisemwa uani mbele ya watu, kwa hiyo nitayajibu mbele ya watu. Kaka Zivanai alisema, “Mtoto huyu alimzika mtu akiwa hai. Jumanne kamzika, Jumanne kafa. Asiguse udongo wa kaburi, na Masvingo asiende, asije akamzika mwingine.”

Bwana Nhengure akamjibu, “Mzee, maneno ya mpwa yangekuwa yanaua, Gutu nzima isingebaki na mjomba hata mmoja.”

“Utani wa mpwa ni wa lugha ya nyumbani,” kaka akasema. “Huyu alitumia Kiingereza. Nani alimpa ruhusa kwa lugha hiyo?”

Watu walianza kumkwepa mwanangu hata kwenye chungu cha sadza, ugali wetu.

Baadaye mimi na Mavis tuliingia chumbani kukusanya nguo za kumzika nazo marehemu. Nilipoiinua ile kofia ya kahawia, karatasi zikadondoka. Zilikuwa tisa. Tulizifungua zote kitandani, Bwana Nhengure akiwa shahidi mlangoni. Zote tisa, kwa mwandiko wake mwenyewe, zilikuwa na jina moja: Mwalimu Madondo. Yeyote ambaye angetia mkono kofiani siku ile, angemtoa yeye.

Nimewapa tarehe. Januari aliambiwa. Februari alitia jina lake kofiani. Mwanangu hakumwitia kifo kaka yangu. Kaka yangu alikuwa akimtafuta msemaji wake. Kwa nini aliuweka mzigo huo mkononi mwa mtoto, hilo sijui, na bado linaniogopesha.

Kaka Zivanai alizisoma karatasi zote, moja baada ya nyingine. Akasema, “Basi alijizika mwenyewe.” Kuhusu udongo hajasema kitu.

Marehemu ameacha mjane, Mavis, watoto, Tinevimbo na Kundai, kaka, Zivanai, dada, mimi Shuvai, wanafunzi wa miaka ishirini na saba, na mpwa mmoja, Ratidzo, ambaye jina lake nimeliandika humu kwa makusudi.

Kaka Zivanai, wewe ndiye mkubwa wetu, nami ninakuomba mbele ya wote umpishe. Ratidzo, njoo mbele, mwanangu, umuage mjomba wako. Kokoto lako unalo. Sijui kama sauti itatoka. Isipotoka, tutasimama nawe kimya mpaka dakika zako ziishe. Jumamosi itajijua yenyewe. Akimaliza, Mavis atapiga kengele ya pili.

Umemaliza, Mwalimu. Keti. Upumzike kwa amani.