Paji la Mposaji

Ndani ya basi la kwenda Gorkha, huko Nepal, mbele yangu alikaa Bimal, kijana anayekwenda kuposa, kofia kaivuta hadi kwenye nyusi. Mama mmoja mwenye kikapu cha tangawizi akamuuliza, "Mwanangu, joto lote hili, unaficha nini?"

Akaiinua kidogo. "Nywele zinarudi nyuma pembeni, mama. Wakwe watasema wameletewa mzee."

"Pembe hizo huja na ndevu, wanaume wengi wanazo. Utosini je, ngozi inaonekana?"

"Bado. Ila kila asubuhi naokota nywele kitandani."

"Hata paka huacha manyoya alipolala!"

"Paka haposi, mama."

Nilicheka mpaka meno yangu mawili yaliyobaki yakapata baridi. Mama hakucheka. "Na baba wa binti akitaka kukubandika tika pajini, ule mchele mwekundu wa baraka, ataubandika kwenye kofia?"

Hilo Bimal hakuwa amelifikiria. Basi likasimama, na wakwe wale pale kituoni, sahani ya tika mkononi.

"Lakini wataona upara, mama," akasema. Kisha akaisukuma kofia nyuma kabisa, akashuka na paji lake lote.