Kilo Mia Nne na Kumi na Mbili

Mheshimiwa Meya wa Olszewiec, Mheshimiwa Padri, Mkuu wa Shule, Bwana Gwizdek, ndugu walimu mliobaki na mliokwisha kuondoka, ndugu wazazi, wanafunzi arobaini na watatu mliovaa mashati meupe leo kwa mara ya mwisho ndani ya jengo hili, na wewe, Mwalimu Ludmiła Pawlik, uliyekaa hapo mbele na maua mengi usiyojua pa kuyaweka: nawasalimu nyote kwa heshima.

Kwa wasionijua, naitwa Zenon Motyka, Zenek kwa walionizoea. Nimeliandikia gazeti la wiki la wilaya hii kwa miaka thelathini, na kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi wa mwalimu huyu, darasa la tano B, dawati la tatu, upande wa dirishani. Niliombwa maneno mazuri ya dakika tano. Asubuhi ya leo Mheshimiwa Meya alinishika kiwiko pale mlangoni.

"Zenek, nasikia una jambo. Refu?"

"Dakika kumi."

"La furaha?"

"Hapana."

Akaitazama ile meza yenye keki ya jibini, akashusha pumzi. "Haya. Keki haikimbii."

Namshukuru. Nianze na yaliyo mazuri, maana yapo.

Mwalimu Pawlik amefundisha fasihi ya Kipolandi katika shule hii kwa miaka arobaini na mmoja. Ninyi nyote mliopita mikononi mwake mnaukumbuka ule mstari. Kila Septemba alichora mstari mmoja wa chaki kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho, na mstari huo ulikuwa karne. Mwanzoni kabisa aliweka watawa walioandika kwa Kilatini kwa sababu hawakuamini kwamba lugha ya mama zao inafaa kuandikwa. Mbele kidogo akamweka yule baba wa karne ya kumi na sita aliyemlilia bintiye mdogo kwa mashairi. Kisha wakaja wale walioandika wakati nchi yetu haikuwa kwenye ramani yoyote, wamekaa Paris kwenye vyumba vya kupanga, wakielezea mito waliyojua hawataiona tena. Kisha walioandika Warsaw ikiungua, wakafukia karatasi bustanini. Kisha wale wa enzi yetu, ambao kila sentensi yao ilipita kwanza chini ya mkasi wa mkaguzi wa serikali.

Lakini mstari wake haukuwa mzima. Kila baada ya kipande alipangusa kwa kidole, akaacha pengo. Siku moja Halszka Drewnik, aliyeketi mbele yangu, aliuliza: "Mwalimu, hapo mbona umefuta?"

"Hapo palikuwa na kitabu."

"Kiko wapi?"

"Kingekuwepo nisingefuta, Halszka. Kaa chini."

Tulicheka. Hatukujua kwamba pengo la mwisho, lile la upande wa kulia karibu na fremu ya ubao, alianza kuliacha mwaka ule ule wa 1978, na wala yeye mwenyewe wakati huo hakujua ukubwa wake.

Ndugu zangu, wengi wenu mmeingia leo kwa kupita chini ya kibao cha shaba kilicho ukutani hapo nje. Kinasema kwamba mwandishi Eustachy Drewnik, mkazi wa mji huu, aliandika kwa miaka kumi na miwili riwaya yake kubwa katika madaftari sita, na kwamba madaftari hayo yalichukuliwa na polisi wa siri mwaka 1978. Maneno ya kibao yalitoka katika makala ya gazeti ya mwaka 1991. Makala hiyo niliiandika mimi. Chanzo changu kilikuwa kimoja, Bwana Drewnik mwenyewe, na sikutafuta cha pili. Nani angemhoji mara mbili mzee aliyeporwa kazi ya maisha yake?

Makala yangu ilikuwa ya uongo. Kibao ni cha uongo. Nitawaeleza kilichotokea, na nawahakikishia kwamba kila mtu aliye hai anayehusika ameniruhusu niseme, na yumo humu ukumbini.

Wenye umri wangu mnakumbuka mashindano ya karatasi chakavu. Kila Oktoba madarasa yalipita nyumba kwa nyumba kukusanya magazeti ya zamani, yakapimwa uani, lori likaja, na darasa lenye kilo nyingi likapewa zawadi. Watu wazima nao walipeleka karatasi zao kituoni, wakalipwa karatasi za chooni, bidhaa adimu siku zile, zilizotungwa kwenye kamba kama mikufu, wakarudi wanatembea nayo shingoni barabara kuu kama washindi wa mbio. Kitabu cha kumbukumbu za shule, ambacho nimekisoma wiki tatu zilizopita, kinasema hivi, kwa mwandiko wa Mwalimu Pawlik: tarehe 14 Oktoba 1978, Siku ya Walimu, darasa la tano B, kilo mia nne na kumi na mbili, nafasi ya kwanza, mpira wa wavu.

Mpira ule naukumbuka. Ulikuwa mweupe, nikateguka nao kidole.

Bwana Drewnik wakati huo alikuwa karani wa kiwanda cha sukari. Vitabu vyake viwili vya mwanzo vilikuwa vimeondolewa madukani, na hakuna aliyethubutu kuchapa cha tatu. Basi aliandika kwa ajili ya droo, kama tulivyozoea kusema. Ila droo ndiyo mahali pa kwanza ambapo polisi hufungua. Kwa hiyo aliyaficha madaftari ndani ya marundo ya magazeti ya zamani, kwenye chumba cha chini cha nyumba yake, akayafunga kamba ya katani. Maficho mazuri. Polisi walikuja mara mbili wakatoka mikono mitupu.

Binti yake, yule Halszka aliyeketi mbele yangu, alikuwa na miaka kumi na moja, na darasa lake lilikuwa nyuma ya tano A kwa kilo thelathini.

Alileta marundo manne kwa kigari cha mkono. Mwalimu Pawlik, mwenye miaka ishirini na mitano, mwezi wake wa pili kazini, alikuwa anayakagua pale uani, kwa sababu watoto walizoea kuingiza mawe katikati ili kuongeza uzito. Alipanua rundo la tatu na hakuona jiwe. Aliona daftari lenye jalada jeusi, na mwandiko ambao aliujua kutokana na barua za kumwombea Halszka ruhusa alipougua mafua.

Angeweza kulitoa. Kwa nini hakulitoa?

Nilimuuliza hivyo mwezi uliopita, mezani kwake. Alinipigia simu akasema tu, "Zenek, njoo. Uje na kalamu." Jibu lake naliweka hapa kama alivyolitoa.

"Mjini walinong'ona kwamba kitabu kimeshafika Paris. Kwamba kuna nakala safi, imepigwa chapa, imevushwa mpaka. Nikajiambia hizi ni rasimu. Na rasimu za mkono wake ndizo zingemfunga. Mwalimu wa michezo alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwangu, na yeye kila mtu alijua anamripotia nani. Nikafunga kamba tena. Nikavuta sana. Nikaona nimefanya kitu cha akili."

"Ukalitazama lori likiondoka?"

"Nilipunga mkono, Zenek. Watoto walikuwa wanapunga, nami nikapunga."

Hakukuwa na nakala Paris. Mjumbe aliyengojwa akivushe mpaka hakuja kamwe. Mwalimu Pawlik aliishi miaka kumi na mitatu akiamini kwamba siku moja kitabu kile kitatokea dirishani mwa duka, naye atakinunua na kukaa kimya. Kisha mwaka 1991 akafungua gazeti letu, akaisoma makala yangu, akavaa koti, akaenda kwa Drewnik kumwambia kila kitu.

Mzee alimkaribisha chai. Alikuwa anajua. Tangu jioni ile ya Oktoba aliposhuka chini akakuta sakafu tupu, na juu akamkuta mtoto anacheza, anajisifu kwamba darasa lake limeshinda, alikuwa anajua. Alimwambia mwalimu: "Ulichokiona hukukiona. Heri Halszka awachukie polisi kuliko kujichukia. Wao wamezoea." Akamwapisha asiseme. Miaka miwili baadaye akafa, na kiapo kikabaki kwa mwenye kuapa.

Sasa tazameni kazi ya wema huo. Nyaraka za polisi wa siri zilipofunguliwa, Halszka Drewnik alianza kuandika barua Warsaw. Ameandika kwa miaka kumi na minane. Amechukua likizo bila malipo, amelala kwenye hosteli, amesoma mafaili ya watu asiowajua, kila ukurasa, akitafuta madaftari sita ambayo yalisagwa kuwa uji wa karatasi kabla ya Krismasi ya 1978. Aprili mwaka huu alipata jibu la saba: hakuna kumbukumbu. Akamwambia Mwalimu Pawlik sokoni, mbele ya viazi, kwamba ataandika barua ya nane. Hapo ndipo kiapo kilipomshinda mwalimu.

Jumapili iliyopita tulikwenda nyumbani kwa Halszka, mwalimu na mimi. Sikutaka asikie ukumbini. Alikuwa amepika supu ya kiazisukari, akatupa sahani, na mwalimu akasema kabla hajaonja. Halszka alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo mimi, mwandishi wa habari, sikuwa nimeliuliza.

"Mwalimu, ulisoma?"

"Ukurasa mmoja. Wa kwanza."

"Uliandikwaje?"

Ndugu wageni waalikwa, mwalimu huyu anajua kwa moyo maelfu ya beti za mashairi yetu, za karne tano. Mnamjua. Mkianza mstari, yeye anaumaliza. Basi alifumba macho pale mezani, na machozi yakaanza kumtoka kabla hajafungua mdomo, kwa sababu hakupata kitu. Katika riwaya ya miaka kumi na miwili, mtu wa mwisho aliyeiona anakumbuka kwamba palikuwa na neno limekatwa kwa wino, asilijue ni neno gani. Na anakumbuka maneno ya juu ya ukurasa, yaliyoandikwa peke yake, ya kumtunukia mtu kitabu.

"Yalisema: Kwa Halszka, asome akishakua."

Halszka aliweka kijiko chini. "Nilikuwa najua kusoma tayari," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na moja, Mwalimu. Mbona sikufungua?"

Mimi nimeripoti mafuriko na kufungwa kwa kile kiwanda cha sukari, na siku zote nilipata swali la kufuata. Jumapili sikulipata.

Tulipokuwa tunaondoka nilimuuliza kama anataka jambo hili lisemwe au lifukiwe. "Liseme," akasema. "Baba alidanganya kwa ajili yangu, nami namshukuru, lakini shaba isiendelee kudanganya. Niwe nimekaa pale pale mbele, wasije wakaninong'ona nyuma yangu." Amekaa pale, kando ya mwalimu wake. Mheshimiwa Meya, naomba kibao kile kitolewe. Sina maneno ya kupendekeza mahali pake.

Mwalimu Pawlik, nilipaswa kukupongeza. Nasema hili moja, nalo nimelipima kama ninavyopima habari: ulitufundisha kwamba fasihi ya nchi hii ni vitabu vilivyonusurika, ukatuonyesha kila mwaka, kwa kidole chako, visivyonusurika, na pengo lako mwenyewe hukuliziba hata mara moja ili upate usingizi. Baada yako hakuna atakayechora mstari ule. Mwezi wa tisa jengo hili litakuwa na kufuli, na watoto hawa watakuwa kwenye basi la wilaya, shule tano tofauti.

Kuhusu maktaba ya shule, mnajua. Maktaba ya mji imechukua vitabu mia mbili. Elfu tatu na mia moja vilivyobaki havina wa kuvichukua, na Jumatano ijayo lori la karatasi chakavu litakuja uani, mahali pale pale. Tangu Jumatatu Halszka Drewnik yumo ndani ya maktaba hiyo. Anatoa kila kitabu rafuni, anakifungua, anapitisha kurasa kwa kidole, anakifunga, anakiweka kwenye rundo, anafunga kamba. Jana nilimpelekea chai, nikamuuliza anatafuta nini.

"Sitafuti kitu, Zenek," alisema, na mkono wake haukusimama. "Nafungua tu."

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia hadi hapa. Mheshimiwa Meya, sasa unaweza kuwaita wakate keki.